Ule Ute Msiusugue

Mwaka wangu wa kwanza kwenye mtambo wa majitaka, alikuja mkubwa mmoja kukagua. Akapanda ngazi ya tangi lililojaa mawe ya kusafishia maji, akachungulia, akakunja pua. "Mbona mawe yana ute namna hii? Hayasuguliwi?" Kesho yake ikaletwa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Tukaimwaga, maana nani angembishia? Haikuchukua muda maji yaliyokuwa yakitoka meupe yakaanza kutoka na ukungu na harufu, tukakaa wiki kadhaa tukisubiri ute uote tena.

Ute ndio mtambo wenyewe! Mawe ni nyumba tu. Bakteria wamejishikiza pale, maji machafu yanawadondokea, wanakula uchafu, hewa inapita katikati ya mawe. Utando huo wa ute ukinenepa mno, walio chini hukosa hewa, wanaachia jiwe, na vipande vyeusi huchukuliwa na maji hadi tangi la kutuamia. Hiyo si hitilafu.

Mitambo ya mawe ilianza karne ya 19, na hadi leo utaikuta Kariobangi, Nairobi. Siku hizi kuna na ile ya vigurudumu vya plastiki vinavyoelea kwenye tangi linalopulizwa hewa. Ute ni uleule, umeota kwenye vigurudumu badala ya mawe, ila humo adui ni nywele kuziba wavu unaozuia vigurudumu visitoroke.

Kinachoniudhi ni kwamba hela ya mtambo mpya na utepe wa kukata haikosekani, ya brashi inakosekana. Ile mikono mirefu inayonyunyizia maji juu ya mawe mara nyingi haina mota. Inasukumwa na maji yanayotoka kwenye matundu yake. Yakiziba machache kwa vifuko vya plastiki, mkono unapunguza mwendo, kisha unasimama. Maji yote yanamwagika mstari mmoja, mawe mengine yanakauka, ute unakufa, na vile vijinzi vidogo vinafuata mpaka sebuleni kwa majirani. (Wakilalamika, wana haki.) Dawa yake ni waya mrefu na ndoo, kila asubuhi, kabla jua halijakali.

Tulikuwa na mzee mmoja, tukimwita Babu, aliyetambua tundu lililoziba kwa kusikiliza tu, akiwa bado getini na baiskeli yake. Alistaafu. Nafasi yake haijajazwa, na waya wake bado unaning'inia pale kwenye reli.