Hospitali ya kujifungulia ikiwa mbali: usiku wa uchungu utakuwa umelala wapi?

Mjamzito anayeishi mbali na hospitali kubwa huulizwa mapema: utajifungulia wapi? Na kabla hajafungua mdomo, wenzake wameshamjibia. Mume anataka hospitali kubwa yenye madaktari bingwa, hata kama ni mwendo wa saa tatu. Mama mkwe anasema kituo cha jirani kimezalisha nusu ya mtaa, kuhangaika kote huko kwa nini? Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishana kuhusu hospitali ipi ni nzuri, na hilo ndilo swali jepesi. Gumu ni kwamba siku uchungu utakapoanza, wewe mwenyewe utakuwa wapi.

Tumsikilize mume kwanza. Kituo kidogo kinachofanya kazi sawasawa kinaweza kumchoma mama sindano ya kubana kizazi, kumpa dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kondo lililokwama na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa kimya. Si haba. Kwa kawaida kinachokosekana ni vitu viwili: upasuaji na damu ya kuongeza. Na mambo yanayohitaji vitu hivyo viwili hayapigi hodi. Mama aliyehudhuria kliniki zote, presha iko vizuri, mtoto ametanguliza kichwa, anaweza kujifungua salama saa nne asubuhi na saa tano shuka zikawa zimelowa damu. Anayetokwa na damu namna hiyo bila kutibiwa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kama gari la wagonjwa linachukua saa moja kuja kumfuata na mbili kumpeleka, hesabu imeshakataa. Tume ya jarida la The Lancet kuhusu upasuaji, mwaka 2015, nayo ilichukua saa mbili kuwa kipimo cha umbali kati ya mtu na huduma za lazima za upasuaji, ule wa uzazi ukiwamo.

Mume angeshinda hapo hapo, laiti uchungu ungekuwa na adabu ya kusubiri. Kati ya watoto 100, kama 5 tu ndio huzaliwa tarehe ile iliyoandikwa kwenye kadi. Wengine huja wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42, achilia mbali njiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema njia ikishafunguka sentimita 5, kwa kawaida kilichobaki hakizidi saa 12 kwa uzao wa kwanza na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Huo ni ukomo wa juu. Wa chini hauna mwenyewe.

Mimi mtoto wa kwanza alinihenyesha usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Kwa wa pili tukapanga vilevile: maumivu yakianza nioge, tubebe begi, twende. Yalianza saa saba usiku. Chupa ikapasuka tukiwa bado getini, na tulipofika mapokezi mhudumu alikuwa akiniuliza kadi ya kliniki huku kichwa cha mtoto kinaonekana. Hospitali ilikuwa dakika hamsini kutoka nyumbani. Ingekuwa saa mbili na nusu, angezaliwa kiti cha nyuma cha gari, mume wangu akishika usukani kwa mkono mmoja, na tungekuwa tumekosa vyote viwili: daktari bingwa tuliyemfuata na mkunga wa jirani tuliyempita. Hapa ndipo namwelewa mama mkwe.

Halafu ukubwa wa jengo hauelezi kila kitu. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, aliwahi kuniambia nikienda kuitazama wodi ya wazazi niulize friji ya oksitosini iko wapi. Niliuliza kwa aibu. Mkunga akacheka, akanipeleka. Kifriji kifupi, ndani kipimajoto, mlangoni karatasi iliyojazwa kwa kalamu kila siku, asubuhi na jioni. Oksitosini ndiyo ile sindano ya kubana kizazi, na hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishinda kwenye joto hupungua nguvu, na mama anaweza kuchomwa dawa iliyokwisha makali bila mtu kujua. Tangu siku hiyo nauliza na mengine: usiku wa manane, mtaalamu wa usingizi yumo hospitalini au anapigiwa simu kwake? Damu ipo, au ndugu ndio wataambiwa wakachangie wakati huo huo? Hospitali isiyo na majibu haina sababu ya kufuatwa mbali, hata iwe na ghorofa ngapi.

Mataifa nayo yamejibu kila moja kivyake. Finland ilitaka hospitali inayozalisha ihudumie angalau wazazi 1,000 kwa mwaka, kwa hoja kwamba mikono isiyozoea dharura huchelewa. Wodi ndogo zikafungwa, safari za wengine zikarefuka. Kaskazini mwa Quebec, Kanada, ilikuwa kinyume. Wanawake wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakipelekwa kwa ndege kusini wiki kadhaa kabla, wakajifungua peke yao kati ya watu wasiojua lugha yao. Mwaka 1986 kikafunguliwa kituo cha uzazi huko huko Puvirnituq, kikiendeshwa na wakunga, wakiwamo Wainuit waliofundishwa hapo hapo. Upasuaji hakuna, na rufaa ni ndege. Hata hivyo matokeo yake yamekuwa mazuri, na nadhani siri iko kwenye kuchuja: kila mimba hujadiliwa kabla ya kuamua nani abaki na nani asafiri.

Mchujo huo kila familia inaweza kuufanya pamoja na mkunga wake. Mwenye mapacha, mwenye presha, ambaye kondo limeziba njia, aliyewahi kutokwa na damu nyingi, ambaye mtoto ametanguliza makalio: huyo aende mbali, na ubishi uishie hapo. Mwenye kovu la upasuaji pia. Hatari ya kizazi kupasuka akijaribu njia ya kawaida ni ndogo, kama 5 kati ya 1,000, ila kikipasuka mnahesabu dakika.

Kwa waliobaki, msimamo wangu ni huu: usichague hospitali ya mbali kama huwezi kuhamia karibu nayo ikifika wiki ya 37 au 38. Kwa wanaoishi mbali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba za kusubiria karibu na hospitali. Pasipo na nyumba hizo, ni chumba cha ndugu. Na kusubiri kuna gharama yake. Zinaweza kuwa siku tatu, zinaweza kuwa wiki nne. Watoto wakubwa atabaki nao nani? Nani atakaa nawe? Mwanamke anayekataa upweke huo akachagua kituo cha jirani simwiti mzembe, maadamu simu ya gari la rufaa anayo, mwenye gari ameshaambiwa, na haendi kituoni dakika ya mwisho.

Kwa mtoto wa tatu sisi tulihama. Wiki ya 38 niliingia chumba cha nyuma kwa shangazi, dakika kumi kutoka hospitalini, nikakaa siku kumi na tisa nikitazama dari. Uchungu ulianza alfajiri, ukaenda taratibu kwa muda wa saa kumi na moja nzima. Mume wangu hadi leo anasema tungewahi hata tungetokea nyumbani.