Trekta la Sebuleni

Sheria nilizitunga mwenyewe, nikaziandika kwa kalamu nyekundu na kuzibandika pembeni ya runinga: hakuna kuuliza maswali, hakuna kushika simu, hakuna kusinzia. Atakayevunja hata moja ataosha vyombo vyote. Mke wangu akasoma, akanitazama, akasema, "Haya, mheshimiwa." Ningekuwa na akili ningeishtukia ile sauti.

Chanzo ni mdomo wangu. Nilikuwa nimeichosha nyumba nzima kwa habari za Appleseed, katuni ya Kijapani ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Shinji Aramaki. Si katuni ya paka na panya hiyo. Deunan ni askari wa kike anayeendelea kupigana kwenye magofu ilhali vita vimeshakwisha. Anachukuliwa na kupelekwa Olympus, mji unaong'aa ambao nusu ya wakazi wake wametengenezwa maabara. Huko anamkuta mpenzi wake Briareos, ambaye siku hizi ni mtu nusu na mashine nusu, bonge la chuma lenye masikio marefu kama ya sungura. Diski ile niliitazama mpaka ikaanza kukwama. Kwa hiyo nilipoupata muendelezo wake, Ex Machina wa 2007, nikaita watu: mke wangu, mashemeji wawili, na Bibi, ambaye hakualikwa ila tulimkuta ameshakalia kochi zuri.

Kwanza nikatoa hotuba. "Mwongozaji ni yuleyule! Mtayarishaji safari hii ni John Woo, mzee wa sinema za risasi! Na baadhi ya nguo za stelingi zimebuniwa na Miuccia Prada wa Italia!"

"Katuni inabuniwa nguo na Prada?" akauliza shemeji mdogo.

"Swali hilo! Nakusamehe kwa kuwa filamu haijaanza."

Mwanzo ulinibeba kwelikweli. Mapigano kanisani, mateka, Deunan hewani na silaha zake, na njiwa nao wakaruka, maana John Woo na njiwa ni chanda na pete. Nikasimama. Bibi akapiga makofi, nadhani kwa ajili ya njiwa.

Halafu nikakaa, na tangu hapo sikuona sababu ya kusimama tena.

Picha zilikuwa kali kuliko za ile ya kwanza, hilo silikani. Chuma kinang'aa mpaka unataka kukifuta vumbi. Tena wakamleta Tereus, aliyetengenezwa kwa vinasaba vya Briareos, na sura yake ndiyo ileile aliyokuwa nayo Briareos kabla ya kuwa mashine. Nikajisemea, hapa pana moto! Mwanamke ana mpenzi wa chuma, na sura ya zamani ya mpenzi huyo inapewa kazi pamoja naye. Wapi! Wanatazamana kidogo, risasi. Vinakuja vifaa vya mawasiliano vinavyoteka akili za watu, risasi. Wanatazamana tena, mlipuko. Kwenye ile ya kwanza Deunan alikuwa mgeni wa mji, mgeni hata kwa mpenzi wake, na kila alipopigana nilimwonea uchungu. Hapa nilizionea uchungu zile nguo.

"Mjukuu wangu," Bibi akaita, "huyu mwenye sura na huyu mwenye masikio, si damu moja? Sasa binti anababaika nini?"

Sikuwa na jibu. "Bibi, sheria."

"Sheria zako hazikunizaa."

Kukiri kwamba filamu imepwaya nisingeweza, baada ya hotuba ile. Nikaamua kutikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja utamu usioonjwa na wajinga. Ila kutikisa kichwa kuna hatari yake, hasa kinaposhuka. Kinasahau kupanda.

Kilichoniamsha ni sauti ya trekta. Nilihitaji kitambo kidogo kugundua kwamba trekta ni mimi. Nikaruka kutoka kitini, nikanyoosha kidole kwenye runinga na kupiga kelele: "Hapo! Mmeona hapo? Si niliwaambia!"

Kwenye runinga yalikuwa yanapanda majina ya wachoraji.

Hakuna aliyesema neno. Shemeji mkubwa alikuwa ameinua simu, ananirekodi.

"Umeshika simu!" nikabwata. "Sheria ya pili!"

"Mwenyekiti alikuwa amelala, shemeji. Kikao hakikuwepo."

"Umeanza kukoroma kabla hata adui hajajulikana," akaongeza Bibi, huku akinielekeza jikoni kwa kidole.

Nilikuwa nimefika kwenye sufuria ya tatu niliposikia sauti ninayoifahamu kuliko mlio wa simu yangu. Wasaliti walikuwa wameweka ile ya kwanza! Na walikuwa wanaishangilia. Bibi alisikika akifoka, "Nyuma yako, mwanangu! Geuka!" Nikanyata hadi mlangoni, povu likidondoka vidoleni.

"Sufuria je?" akauliza mke wangu bila kugeuka.

Nikarudi. Sikukaa sana, sebule ikanyamaza ghafla, kisha wakaguna wote kwa pamoja. Diski ilikuwa imekwama palepale inapokwama siku zote, na nyumba nzima ni mimi peke yangu ninayejua deki ile hupigwa kofi upande gani.

"Mume wangu," ikaja sauti laini kutoka sebuleni, "hivi hii huwa unaifanyaje?"

"Hakuna kuuliza maswali," nikajibu, nikaongeza sabuni.