Daftari la meli lipo, faili la baba halipo

Juzi manispaa ya hapa Middelburg, Uholanzi, imeniletea barua: nimetoa pipa la taka siku isiyo yake. Tarehe, saa, namba ya nyumba, vyote vimo. Nilicheka, kisha nikanuna. Faili la kiwanja cha marehemu baba kule Bagamoyo linatafutwa mwaka wa 6 sasa. Kaka kila akienda anaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho mnaijua.

Pipa si kitu. Kinachonikera ni kwamba mji huu haujatupa karatasi hata za aibu yake. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Middelburgsche Commercie Compagnie, kampuni iliyoanzishwa 1720, ambayo meli zake zilifunga safari zaidi ya 100 kununua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. Nyaraka zake ziko humu humu mjini, UNESCO imeziorodhesha tangu 2011, na nyingi unazifungua kwa simu ukiwa kitandani.

Nimesoma habari za meli d'Eenigheid, safari ya 1761 hadi 1763. Jina hilo maana yake Umoja. Ndiyo, Umoja! Nahodha anatajwa, Jan Menkenveld. Daktari anatajwa, Petrus Couperus, na daftari lake la wagonjwa lipo. Bunduki, baruti, vitambaa, pombe kali, vyote vina hesabu yake. Waliofungiwa chini ya sitaha ni mwanamume, mwanamke, mvulana, msichana. Majina hakuna.

Najua mnavyosema: huyu kashakuwa Mzungu, anasifia daftari la mwizi. Ngojeni kwanza. Wale hawakuandika kwa huruma; wenye hisa walitaka kujua mali yao imepotelea wapi. Lakini daftari hilo hilo ndilo linalowaumbua. Meli nyingine, Leusden, ya kampuni nyingine ya Kiholanzi, West-Indische Compagnie, ilikwama mtoni Marowijne, Suriname, tarehe 1 Januari 1738. Mabaharia wakapigilia misumari vifuniko vya sitaha, watu 664 wakafa humo ndani, wao wakatoka na sanduku la dhahabu. Wameandika wenyewe! Waziri mkuu wao alipoomba radhi Desemba 2022, na mfalme Julai 2023, hakuna aliyeweza kusema hizo ni hadithi za vijiweni. Makaratasi yangeliwa na mchwa, mngesikia maneno mengine.

Na msinisomee somo la uzalendo. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alikutajia ukoo mzima hadi babu wa saba, nani alimwoa nani, nani alikufa kwa ndui. Hapo Mholanzi hatuwezi. Ila bibi tumemzika, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekaa naye na kalamu. Watalii wakija Bagamoyo tunawaonyesha minyororo. Wakiuliza ni akina nani walipitishwa pale, tunanyoosha kidole baharini.

Kwa hiyo sawa, niiteni mwenye maringo. Faini ya pipa nimelipa.

Jana usiku kaka katuma ujumbe wa sauti. Karani mmoja anadai faili huenda liko stoo, kwenye maboksi ya zamani, ila kuna elfu hamsini ya kijana wa kuyashusha. Risiti, anasema, hawatoi.