Kisiwa kinalala, mwalimu

Mtoto wa kaka yangu karudi skuli juzi, daftari la Kiingereza kalibana kwapani kama kaiba. Ndani kaandika "Pemba lies north of Unguja." Juu ya "lies" mkato mwekundu, kalamu imegandamizwa mpaka karatasi imechimbika, na pembeni: "Kisiwa hakilali. Andika is located."

"Ami, kwani nimekosea?"

Hujakosea, mwanangu. Siku ya tatu leo jambo hili linanikereketa, bora nilitoe.

Nenda soko la samaki Chake alasiri, mshike changu, mtazame macho. Mama aliye pembeni yako atakunong'oneza, "Huyo kalala." Hakuna anayemtafutia shuka. Wali uliolala tunaupasha asubuhi tukanywea chai. Masika yakiingia, hoteli za ufukweni zinalala. Saa ya ukutani ikigoma, imesimama. Kanzu inakukaa au haikukai. Na Pemba yenyewe, mgeni akikuuliza imekaa wapi, utamwambia imekaa kaskazini ya Unguja, wala hukufikiria kigoda. Jumba la Beit el Ajaib pale Forodhani, Unguja, lilisimama tangu 1883 mpaka ubavu wake ulipoporomoka Desemba 2020, na siku ile kila mtu alisema limeanguka, kama anavyoanguka mzee.

Sasa Mwingereza akifanya mchezo huo huo kwa "lie", "stand", "sit" na "run", tunamshangaa nini? Kwake mji unalala pwani, mnara unasimama, barabara ya Mkoani kuja Chake inakimbia. Kwetu "inakwenda". Miguu yake iko wapi? Mtoto anakuja darasani na nusu ya somo kichwani, kalipata jikoni kwa bibi yake, sisi tunamkata kwa wino mwekundu.

"Is located" si kosa. Ni Kiingereza cha kipeperushi cha hoteli. Mtoto akipewa hicho tu, siku atakayofungua kitabu cha jiografia akakuta mito inakimbia na mabonde yamelala, atadhani hadithi za majini.

Haya, moja nalikubali, tena shingo upande. Angeandika "Pemba is lying", ningemkata mwenyewe. Kitabu "is lying" juu ya meza, sawa, kesho kitaondoka. Kisiwa hakina safari. Na madarasa yamejaa, najua, mwalimu ana rundo la madaftari.

Lakini msiniletee ile hoja kwamba watoto watachanganya na "lie" ya kusema uongo. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani, kama kaa wa mikokoni, kaa la moto na kaa kitako. Nani kati yetu kakalia kaa la moto kwa kuchanganya sarufi?

(Kwenye uchaguzi, Waingereza "stand", Wamarekani "run". Sisi chama kinamsimamisha mtu, halafu anagombea. Anayeona kugombea na ugomvi havijuani, sijui kakulia Zanzibar ipi.)

Basi nikamweleza yote hayo: changu, wali, saa, kanzu. Macho yakamtoka kwa furaha, akachukua kalamu akaenda zake barazani. Nilipochungulia baadaye, chini ya ule mkato mwekundu keshaongeza sentensi yake mpya: "My mother does not buy fish that sleeps."

Hiyo nimemwachia mwalimu.