Hela ya Bango Haijapotea

Kikundi cha waanika dagaa kikikaa kupanga matumizi, panga hushukia mabango ya madai yao kwanza. Hapa Kigoma hoja hiyo utaisikia kuanzia Ujiji hadi Kibirizi: karatasi haijengi chanja, rangi haipandishi bei ya ndoo ya dagaa, na dizaina naye anataka chake. Wanaosema hivyo si wajinga. Wameshaona miradi ikija na fulana, kofia na bango la plastiki lililojaa nembo za wafadhili, na mradi ukiisha bango linaezekea banda la kuku.

Nawaelewa, ila wanapinga mapambo. Mimi nazungumzia jinsi madai yanavyopata sura.

Chukua kufungwa kwa Ziwa Tanganyika kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka. Sababu ilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kwa mama anayepokea dagaa alfajiri boti zikirudi, akaanika na kumuuzia mchuuzi, maswali yanakuwa ya kwake. Mzigo uliokwisha kukauka unasafirishwa? Marejesho ya mkopo yatatoka wapi kwa miezi 3? Mwenye boti akisikilizwa, mwenye chanja je? Wakalishe watu 20 mwaloni Katonga utapata madai 20, na mengi ni ya haki.

Karatasi moja haiyabebi yote. Mchoraji akiuliza tu, "Haya, nichore nini?", kikao kinagundua kuwa hakijakubaliana. Achore chanja tupu au daftari la mkopo? Ukichora boti, umeshampa mwenye boti madai. Ukichora ofisi, umeshasema nani mkosaji, na pengine mwenyekiti hayuko tayari kusema hivyo hadharani. Ubishi huo unaweza kula mchana mzima, na kwangu ndio wenye thamani kuliko karatasi itakayochapwa. Katika hotuba watu wanaweza kupiga makofi pamoja huku kila mmoja amesikia lake. Kwenye mchoro lazima mtu achague, na asiyekubali ataonekana pale pale.

Wazoa taka wapatao 1,300 wa Memphis, Marekani, waliogoma mwaka 1968, walikuwa na madai mengi: mishahara, usalama baada ya wenzao 2 kusagwa na gari la taka, na kutambuliwa kwa chama chao. Mabango yao yaliyobaki vichwani mwa watu yalisema jambo moja tu, kwamba mimi ni mwanamume. Mpinzani atasema ushindi uliletwa na mgomo wa zaidi ya miezi 2, na atakuwa sahihi. Bango halikugoma. Lakini liliwafanya wagomaji waonekane watu wenye dai moja, tena lisilopunguzwa kwa mabishano ya senti.

Upande wa pili una jambo zito kuliko la gharama, na watetezi wa michoro hulikwepa: mchoro hauko katikati, huegemea upande. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja Tanganyika, uliwapa wagombea wawili wa TANU katika jimbo alama za jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Nia njema kabisa. Ila aliyepewa jembe alikuwa na hotuba mkononi kabla hajafungua mdomo, katika nchi ya wakulima! Basi ikiwa serikali nzima haikupata picha mbili zenye uzito sawa, dizaina anayeokota picha ya mama asiyemjua kwenye intaneti anaweza kuharibu kiasi gani? Na mwenye nembo kubwa chini ya bango ndiye atakayeonekana mwenye madai, hata kama wanawake ndio waliokaa kikao.

Kwa hiyo pakiwa na pesa kidogo, ningekata fulana kabla ya mchoraji. Nembo ya mfadhili ningeiweka nyuma ya karatasi, akikataa tujue mapema. Na kabla ya kuchapa, ningepeleka mchoro wa penseli kwa mchuuzi wa Kongo pale Kibirizi, ambaye hakuwepo kikaoni na huenda anasoma Kifaransa zaidi, nimuulize hawa wanadai nini. Akijibu vingine, tunachora upya.