Kukata x juu na chini: kosa la mwanafunzi au la zoezi?

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu sehemu hii, (x + 6)/(x + 3), umwambie airahisishe. Wengi watakata x ya juu na x ya chini, wabaki na 6/3, waandike 2 bila wasiwasi wowote. Hakuna mwalimu wa Hisabati asiyelijua kosa hili. Wasichokubaliana ni dawa yake.

Wako wanaosema dawa ni mazoezi, mengi, kila siku. Si hoja ya kubeza. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne Tanzania una maswali 14 kwa saa 3, na asiyeweza kutafuta vigawo upesi atakusanyiwa karatasi hajamaliza. Mwaka 2022 aliyefaulu somo hilo alikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na kipindi cha dakika 40 ana haki ya kuuliza muda wa falsafa ataupata wapi. Tena kuna watu huelewa baada ya mkono kuzoea, si kabla.

Wengine wanarudi nyuma hadi shule ya msingi. Kwao, anayekata x hovyo hakuwahi kuelewa kwa nini 6/9 inakuwa 2/3: 6 ni 2 mara 3, 9 ni 3 mara 3, ndiyo maana ile 3 ya pamoja inaondoka. Kinachokatwa ni kinachozidisha kiasi chote (cha juu) na asili yote (ya chini). Kinachojumlishwa hakikatwi. Weka 4 mahali pa x: (4 + 6)/(4 + 3) ni 10/7, na hata mtoto wa darasa la sita anaona kwamba hiyo si 2. Hapo lugha nayo hulaumiwa, kwamba KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya namba zote mbili bila baki, kama ile 3 ya 6 na 9) ilifundishwa kwa Kiswahili kisha sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza. Inachangia, sikatai. Ila Kenya Hisabati husomwa kwa Kiingereza mapema zaidi, na x zinakatwa vilevile.

Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, lakini nadhani pande zote mbili zinaliruka zoezi lenyewe. Chukua (x² − 9)/(x − 3), swali linalopendwa mno. Njia halali ni kuandika juu (x − 3)(x + 3), kisha kukata (x − 3). Sasa mtazame mvivu: x² kwa x anapata x, −9 kwa −3 anapata +3, anaandika x + 3. Jibu sahihi! Anapewa vema yake na kosa linapata baraka. Wala si bahati ya namba 9. Maswali yote ya namna hii, 16 na 4, 25 na 5, yanampa jibu sahihi kwa njia mbovu. Akifanya ishirini ya hayo, amelifanyia kosa mazoezi mara ishirini.

Mpe badala yake (x² − 9)/(x² + 5x + 6). Akikata x² anabaki na −9/(5x + 6), wakati jibu ni (x − 3)/(x + 2). Ajihakiki kwa x = 1: swali linatoa −8/12, yaani −2/3; jibu sahihi linatoa −2/3; lake linatoa −9/11. Ila asizoee kuhakiki kwa sifuri. Katika (x + 6)/(x + 3), sifuri inatoa 2 kamili, na mkataji atatoka kifua mbele.

Wanaodai mazoezi wabaki nayo, ilimradi katika kila maswali kumi yawemo mawili au matatu ambayo jibu lake ni kwamba hairahisishiki. Mwanafunzi ambaye kila swali alilopewa lilikatika hana sababu ya kusita mbele ya (x + 6)/(x + 3).