Saa Nane za Kulisubiri Joka

Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha jambo njiani, na udhaifu huo ndio ulioniponza Jumapili iliyopita, nilipoikusanya familia yangu sebuleni na kutangaza kwamba tungetazama The Hobbit, yaani filamu zote tatu za Peter Jackson, kuanzia ile ya mwaka 2012 hadi ile ya 2014, kwa kikao kimoja. Kitabu chenyewe nilikwisha kukisoma. J.R.R. Tolkien alikitoa mwaka 1937, kina sura 19 na kurasa takribani 300, nami nilikimaliza kwa jioni nne nikiwa nimelala chali. Kwa hiyo nilimhakikishia mke wangu kwamba kisa ni kifupi: bwana mmoja mpenda raha aitwaye Bilbo anatolewa nyumbani kwake, anakwenda mlimani na wenzake, joka linakufa, anarudi. Sikuwa nimepiga hesabu kwamba wapishi wa filamu hizi walikuwa wameuongezea mchuzi maji hadi ukafika dakika 474.

Mwanzo ulinipendeza sana. Vibete 13 wanaingia nyumbani kwa Bilbo kwa mafungu, bila mwaliko, na kulifagia kabati lake la chakula, huku mwenye nyumba akibaki kuhesabu sahani zake kwa macho. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sidhani kama waliwahi kupokea wageni 13 tarehe 25 ya mwezi. Martin Freeman, anayemwigiza Bilbo, ameupatia uso ule barabara. Ndio uso ninaouvaa mimi kila shemeji zangu “wanapopita kusalimia tu” saa saba mchana.

Hata hivyo, kama kuna mahali ambapo ningesamehe makosa yote yaliyofuata, ni kule pangoni, Bilbo anapotegeana vitendawili na Gollum, kile kiumbe kilichokonda chenye macho kama taa za bajaji, ambacho Andy Serkis amekiigiza hadi nikasahau kwamba kuna kompyuta iliyohusika. Bilbo akatega kile cha sanduku lisilo na bawaba, ufunguo wala kifuniko, lakini ndani limefichwa hazina ya dhahabu. Gollum bado anajikuna, binti yangu wa darasa la tatu akapaza sauti: “Yai!” Bibi yake humtegea kila siku: nyumba yangu haina mlango. Nilijivuna kama vile ushindi ulikuwa wangu. Kisha Bilbo, alipoishiwa, akauliza ana nini mfukoni. Nilimlaumu kitabuni na nimemlaumu tena kwenye filamu, kwa maana hicho si kitendawili hata kidogo, na kwetu mtu akithubutu kutega hivyo ananyang'anywa miji yote aliyokwisha kupewa.

Baada ya hapo maji yakazidi unga. Akatokea mwanadada Tauriel, ambaye Tolkien hakumwandika popote, na eti akapendana na kibete Kili. Akatokea Legolas, ambaye katika kitabu hiki hayumo, na ambaye baadaye, katika sehemu ya tatu, anapanda mawe ya daraja linaloporomoka kana kwamba ni ngazi, ilhali mimi ngazi za kawaida za ghorofa ya pili hunitoa jasho. Mapipa ambayo kitabuni vibete wanafungiwa ndani yake kimyakimya, hapa yako wazi na yanapiganiwa mto mzima. “Hili limo kitabuni?” mke wangu aliuliza. Nikajibu kwamba halimo. “Na joka?” Nikamwambia asubiri.

Joka lilipokuja, nakiri, lilikuwa joka kwelikweli. Sarafu za dhahabu zilimomonyoka kama mchanga wa shimoni, likafunguka jicho moja, na ile sauti ya Benedict Cumberbatch ikatikisa glasi zetu kabatini. Kwa muda ule hakuna aliyegusa bisi. Lakini lilizungumza, likafukuzana na vibete, likamwagiwa dhahabu iliyoyeyuka, likaruka kwenda kuuchoma mji wa ziwani, na hapo hapo kioo kikawa cheusi.

“Umeme umekatika, Baba Asha?”

Haukuwa umeme. Ni sehemu ya pili iliyokuwa imekwisha, na waliokwenda kuitazama kwenye sinema mwaka 2013 waliachwa wakining'inia hivyo mwaka mzima. Mama Asha hakuningoja hata nibadilishe diski. Alijiegemeza kwenye mto akalala.

Sehemu ya tatu nikaitazama peke yangu. Joka liliuawa mwanzoni kabisa, kabla kiti changu hakijapata joto, kisha ikafuata vita ambayo Tolkien aliimaliza kwa kurasa chache, tena Bilbo akiwa amepigwa jiwe na kuzirai, lakini hapa ikanila zaidi ya nusu saa. Nilivumilia kwa sababu ya mwisho wake: Bilbo anafika nyumbani na kukuta majirani wamekwisha kumdhania marehemu na wananadi vyombo vyake uani. Nikamtikisa mke wangu ajionee, maana dada yake alichukua sufuria yetu kubwa msibani na mpaka leo haijarudi.

Akafumbua jicho moja. “Limeshakufa?”